Unga wa Njano Jikoni kwa Yiayia

Nilikuwa nasonga ugali.

Ilikuwa Machi 2025. Mwaka huo Ramadhani ilianza Jumamosi, na Jumatatu iliyofuata Waorthodoksi wakaingia kwenye Kwaresima yao, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa imefunga: mimi kwa dini yangu, bibi ninayemtunza hapa Athens kwa dini yake. Unga mweupe ninaonunua kwenye duka la Waafrika kule mtaa wa Kypseli ulikuwa umekwisha. Nikachukua ule wa njano wa supamaketi, ambao hukaa rafu ya chini kabisa kana kwamba wenye duka wenyewe wanauonea haya.

Yiayia akaingia jikoni na mkongojo wake. Yiayia ni bibi kwa Kigiriki, na ndivyo anavyotaka nimwite. Akachungulia sufuria. Akauliza ni kitu gani. Nikamwambia ni unga wa mahindi na maji, basi.

"Bobota," akasema.

Akageuka, akaenda chumbani. Usiku ule hakula kitu, hata adesi zake nilizokwisha kumpakulia.

Asubuhi aliamka kama kawaida, akanywa kahawa yake, akanilalamikia kuhusu mito. Hakuligusa lile jambo. Mimi ndiye niliyeshindwa kuliacha. Wiki zikapita, Ramadhani ikaisha, Pasaka yao ikaja ikaondoka, na bado nilikuwa naliona lile jicho alilolitupia sufuria yangu.

## Chungu cha siku zisizo na nyama

Ukimwuliza mtu wa Dar chakula cha Kigiriki ni kipi, kama anacho cha kujibu, atakutajia mishikaki ya kwenye mkate, saladi yenye jibini ya feta, pengine na moussaka, ile ya biringanya na nyama ya kusaga. Hata mimi nilikuja na orodha hiyo. Kwenye nyumba hii moussaka huiona kama pilau ya sikukuu. Siku nyingine ni maharage.

Mimi nimekulia Tanga, kwenye mfungo wa saa: jua likizama umefungua, kula upendacho. Mfungo wa Yiayia ni wa aina. Nyama hapana, maziwa hapana, jibini hapana, mayai hapana. Samaki wanaruhusiwa siku mbili tu ndani ya Kwaresima nzima, 25 Machi na Jumapili ya Matawi. Siku zilizo kali hata mafuta ya zeituni hayaguswi, ila zeituni zenyewe unakula, na usiniulize mantiki yake. Pweza unakula. Ngisi unakula. Kamba unakula. Hesabu ya zamani inasema viumbe hao hawana damu. Nilipomweleza kwamba kwetu pweza wa nazi si chakula cha kujinyima hata kidogo, alicheka akasema kwamba siku hizi hata kwao pweza anaishinda nyama kwa bei, na Mungu anaona.

Kisha kuna mfungo wa siku 40 kabla ya Krismasi, unaoanza 15 Novemba. Kuna wa nusu ya kwanza ya Agosti, kwa ajili ya Bikira Maria. Kuna wa Mitume baada ya Pentekoste. Kuna Jumatano na Ijumaa za karibu mwaka mzima. Anayeshika yote anakaribia nusu ya mwaka bila nyama.

Nusu ya mwaka.

Nilipolijua hilo, jiko lao likaanza kunieleweka. Vyakula ambavyo Yiayia anavipika kwa mikono yake, bila kunipa hata mwiko niushike, karibu vyote ni vya siku hizo. Fasolada, yaani mchuzi wa maharage meupe, karoti, seleri na nyanya, ambayo Wagiriki wengi huiita chakula chao cha taifa. Bamia zilizolala kwenye nyanya na mafuta mpaka zinasahau utelezi wao. Fava, zile mbegu za njano zinazopondwa hadi zinakuwa kama uji mzito, ambazo zile za kisiwa cha Santorini ndizo zenye jina. Dengu za kisiwa cha Sifnos, zinazowekwa kwenye chungu cha udongo Jumamosi jioni, zikalala kwenye tanuri la kuni hadi watu watoke kanisani Jumapili.

Na kila chakula kina siku yake. Jumatatu ya kwanza ya Kwaresima kuna lagana, mkate bapa wa ufuta unaookwa siku hiyo tu kwa mwaka mzima, na watu wanapanda vilimani kurusha tiara. Tarehe 25 Machi kuna samaki wa chumvi wa kukaanga na kitoweo cha kitunguu saumu kinachonuka mtaa mzima. Mwaka huo niliikuta harufu hiyo nikiwa nimefunga na saa ya kufuturu iko mbali. Ijumaa Kuu ni adesi na siki, kwa sababu Yesu alipewa siki msalabani. Halafu usiku wa Pasaka, kengele zikishalia na watu wakishasalimiana "Christos anesti", yaani Kristo amefufuka, wanarudi nyumbani usiku wa manane kunywa magiritsa, supu ya matumbo na maini ya kondoo yenye saladi na limau. Mimi niliishia kwenye mayai. Wanayapaka rangi nyekundu na kuyagonganisha, na ambaye lake halikupasuka ndiye mwenye bahati ya mwaka. Yiayia alinishinda, na sina hakika kwamba hakufanya hila.

## Kuhusu moussaka, kwa ufupi

Moussaka yenye tabaka nene jeupe juu, ile ya kwenye picha za watalii, ina umri wa kama miaka mia moja tu. Mpishi Nikolaos Tselementes, ambaye familia yake ni ya kisiwa hicho hicho cha Sifnos chenye dengu za chunguni, alijifunza Vienna, akafanya kazi Marekani, akarudi na imani kwamba mapishi ya Wagiriki yalikuwa yameharibiwa na viungo vya Mashariki na yanahitaji kusafishwa kwa Kifaransa. Sosi ya maziwa na siagi juu ya biringanya ni mkono wake. Kitabu chake kiliingia kila nyumba kuanzia miaka ya 1920.

Miaka hiyo hiyo zaidi ya Wagiriki milioni moja walikuwa wamefukuzwa kutoka Anatolia, Uturuki ya leo, baada ya vita vya 1922 na mabadilishano ya watu ya 1923, wakaingia miji ya bandari ya Piraeus na Thessaloniki na bizari nyembamba zao, mdalasini wao, nyama yao ya kusaga yenye harufu. Mmoja anaondoa viungo, milioni wanavirudisha. Nadhani unajua nani alishinda.

Nayataja haya kwa sababu nilipoanza kuuliza kuhusu bobota, lile neno la Yiayia jikoni, watu walinijibu haraka kwamba "hicho si chakula chetu cha asili". Wakati moussaka ya Tselementes ni ya asili, bobota, iliyokuwa ikiliwa kwenye milima ya Epirus, kaskazini-magharibi mwa nchi, na wazee wa wazee wao, si ya asili. Kuna jambo lilikuwa linafichwa.

## 1941

Mjukuu wa Yiayia ndiye aliyenieleza. Ni kijana mpishi, tutamrudia.

Bobota ni mkate wa mahindi. Maskini wa milimani waliula miaka yote kwa sababu ngano haikuwatosha. Lakini kwa watu wa Athens wa umri wa Yiayia, jina hilo lina mwaka wake. Ujerumani na washirika wake waliiteka Ugiriki Aprili 1941. Wakachukua mazao, mafuta, magari, mifugo. Uingereza nayo ikafunga bahari ili adui asipate chakula, na kilichozuiliwa kwa adui kikazuiliwa pia kwa raia. Majira ya baridi ya 1941 kuingia 1942 watu wa Athens na Piraeus walianguka barabarani kwa njaa. Makadirio ya waliokufa kwa njaa na maradhi yake katika miaka ya utekaji hufika watu 300,000, katika nchi ya watu kama milioni saba.

Uturuki, hasimu wa jana, ilituma meli iliyoitwa Kurtuluş ikiwa na chakula kuanzia Oktoba 1941. Januari 1942 ikazama katika bahari ya Marmara ikiwa njiani. Nafuu ya kweli ilikuja baadaye mwaka huo, pale meli za Sweden ziliporuhusiwa kupita na ngano ya Kanada chini ya Msalaba Mwekundu.

Katikati ya hapo palikuwa na foleni. Mkate wa mgao ulizidi kuwa mdogo, ukachanganywa na mahindi na chochote kilichopatikana. Yiayia alikuwa mtoto. Aliyemshika mkono kwenye foleni alikuwa dada yake mkubwa.

Mjukuu hakuendelea. Kwenye picha za ukutani sebuleni hakuna dada mkubwa.

## Simu kwa mama

Nilimpigia mama Tanga, nikamsimulia yote. Nilitegemea atashangaa, Mzungu kukimbia ugali. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Huo unga ulikuwa wa njano?"

"Ndiyo mama."

"Wa yanga?"

Nilikuwa nimelisahau kabisa jina hilo, na sijui nililisikia wapi mara ya kwanza. Wasomaji wa umri wa mama hawahitaji maelezo. Wadogo waulize nyumbani: mwanzoni mwa miaka ya themanini, nchi ilipoishiwa na kila kitu, tulikula mahindi ya njano ya msaada kutoka nje, na watu wakayapa jina la klabu yenye jezi za njano. Foleni toka alfajiri, kadi mkononi, na ukifika mbele unaambiwa umekwisha.

"Mwanangu," mama akasema, "mimi unga ule hata leo ukinipikia kwa siagi siutii mdomoni. Na nilikuwa na bahati, mimi sikufiwa na mtu. Huyo bibi mwache. Usimpikie tena mbele yake."

Sikumpikia tena mbele yake. Lakini mazungumzo hayo yalinihamisha mahali. Mpaka hapo nilikuwa nikijiuliza kwa nini Yiayia anakichukia chakula changu. Baada ya simu ile nikaanza kujiuliza kwa nini anavipenda vyake.

Kwa sababu, ukiangalia sawasawa, adesi ni chakula cha njaa. Fasolada ni chakula cha njaa. Mkate mkavu wa shayiri unaolowekwa maji kabla ya kuliwa, ambao sasa unauzwa kwa watalii ukiwa na nyanya na jibini juu, ulikaushwa ili ukae miezi bila kuoza kwa sababu kuni za kuwasha tanuri kila wiki hazikuwapo.

## Daktari anakuja Krete

Huenda umewahi kuambiwa na daktari wa kliniki ya presha ule "kama watu wa Mediterania". Chimbuko la ushauri huo kwa sehemu kubwa ni Krete, kisiwa cha Ugiriki. Mwanasayansi Mmarekani Ancel Keys na wenzake walianza mwaka 1958 utafiti mkubwa wa nchi saba, na wanaume wa vijiji vya Krete wakaonekana kuwa na maradhi ya moyo machache ajabu. Walikula nini? Mafuta ya zeituni kwa wingi, maharage, mboga za porini, mkate, matunda, nyama kidogo sana. Baadaye watafiti wa Kigiriki waliuliza swali ambalo Yiayia angeliuliza siku ya kwanza: mfungo mliuhesabu? Maana ukimpima Mkrete kwenye Kwaresima unapata mtu mwingine kabisa kuliko wa wiki ya Pasaka.

Kuna utafiti wa zamani zaidi ambao hautajwi sana na madaktari. Mwaka 1948, vita vya dunia vikiwa vimekwisha, taasisi ya Marekani ya Rockefeller Foundation ilipeleka watu Krete, wakiongozwa na Leland Allbaugh, kuona kisiwa kinyanyuliwe vipi kutoka kwenye umaskini. Waliziuliza familia zenyewe kuhusu chakula chao. Familia chache ndizo zilizosema kinawaridhisha. Na walipoulizwa wangependa kiongezwe nini, wengi walitaja nyama.

Nilisoma sentensi hiyo nikacheka peke yangu kwenye basi.

Yaani mezani palipo na chakula ambacho dunia nzima imekuja kukiita siri ya maisha marefu, wenye meza walikuwa wanaomba nyama. Mwaka 2010 UNESCO ikakiandika chakula hicho kuwa urithi wa binadamu, Ugiriki ikiwakilishwa na mji mdogo wa Koroni, pamoja na Uhispania, Italia na Moroko. Sina ugomvi na UNESCO. Mafuta ya zeituni yana faida, sina ugomvi na madaktari pia. Ugomvi wangu ni na ile picha: meza ya mbao kando ya bahari, mzee mwenye masharubu, bilauri ya mvinyo, kila mtu ameshiba na anacheka. Wale walioulizwa mwaka 1948 hawamo kwenye picha. Na wakiwekwa humo wasemeshwe, picha itaharibika.

Nilikaribia kuishia hapo. Nilikuwa na makala kichwani tayari: mila ni umaskini uliopakwa rangi. Ni makala rahisi kuandika, na ingependwa.

## Mchicha

Ikaja Juni, na Yiayia akanituma sokoni kununua vlita.

Nilipoviona kwenye genge la soko la mtaani nilisimama. Ni mchicha. Si unaofanana na mchicha, ni mchicha wenyewe, jamii moja na huu wetu wa bustanini, mafungu kwa mafungu. Wagiriki wanauchemsha, wanachuja, wanamwagia mafuta na limau, wanakula na maboga machanga na viazi. Nikamletea. Akala sahani mbili, akafuta mafuta kwa mkate mpaka sahani ikang'aa.

Huku akila akasimulia, bila kuulizwa. Wakati wa utekaji, mama yake alikuwa akitoka nao nje ya mji, pembeni mwa Athens palipokuwa bado mashamba, kuchuma majani ya porini. Alimfundisha lipi chungu, lipi laini, lipi usiguse. Walichemsha bila mafuta. Mafuta hayakuwapo.

Basi ndiyo makala yangu rahisi ikafa palepale mezani. Majani yale yalikuwa chakula cha njaa kama bobota, cha mwaka ule ule, na mtoto yule yule. Moja analikimbia hadi leo, jingine analifutia sahani. Umaskini peke yake hautoshi kulieleza hilo. Wala ladha haitoshi, maana bobota yenye sukari na zabibu kavu si mbaya.

Nimelizungusha kichwani, na hivi ndivyo ninavyoona. Majani waliyatafuta wenyewe. Mama ndiye aliyeyajua, aliyeyachagua, aliyeyachemsha. Mahindi yalikuja kwa foleni. Mtu mwingine ndiye aliyeamua kama utapata na kiasi gani. Mama yangu naye mchicha haujamshinda hata siku moja, na wakati wa yanga aliula kuliko wakati wowote. Kinachomkaa kooni ni ile kadi.

Ndiyo maana naona mfungo wa Yiayia si mazoezi ya njaa, kama nilivyoudhania mwanzoni. Kwenye mfungo yeye ndiye anayekataa nyama. Na anajua siku ambayo ataila. Imeandikwa kwenye kalenda ya kanisa iliyotundikwa juu ya friji. Mwaka 1941 hakuna aliyekuwa na kalenda ya namna hiyo. Adesi zile zile ukizila huku unajua magiritsa inakuja ni chakula kingine.

Sisemi kwamba nimemaliza. Kuna vijana wa hapa wanaokula vyakula vya Kwaresima mwaka mzima bila dini yoyote, kwa ajili ya wanyama au afya, na maduka ya baga yanabandika vibao vya "chakula cha mfungo" kila Machi. Yiayia anawaona hao kama watu waliofunga wakasahau kufungua. Mimi sina uhakika kama wanapungukiwa na kitu.

## Kitabu cha mjukuu

Mjukuu anafungua mgahawa na wenzake. Wanataka orodha ya vyakula vya bibi zao, na kitabu kidogo cha mapishi cha kuuza mlangoni. Wiki kadhaa za kiangazi alikuja na daftari, Yiayia akamtajia: fasolada, bamia, vlita, magiritsa. Vipimo vyake vyote ni "mpaka utakapoona imetosha", na kijana aliteseka.

Kisha akaomba bobota. Sasa hivi mikate ya mahindi imerudi kwenye maduka ya mikate ya watu wenye nafasi, ikiwa na maji ya chungwa na asali, na kijana alitaka ya kwake iwe ya kweli, ya familia. Yiayia akasema haijui. Kijana akasema, bibi, uliila utoto wako wote. Akasema haijui.

Baadaye jikoni kijana aliniuliza mimi nafikiri nini, kwa kuwa ndiye ninayekaa naye. Asipoiandika sasa, alisema, itapotea. Nikamwambia hilo ni kweli, na kwamba mapishi yake anaweza kuyapata kwa mtu yeyote wa Epirus ambaye aliila mlimani kwa amani. Lakini kama ataiweka kwenye kitabu kama chakula cha bibi yake, basi aandike na mwaka, aandike na foleni, na asiweke asali.

Akasema hakuna mteja atakayeagiza kitu cha namna hiyo.

Nikamwambia ndiyo, hataagiza. Hatukukubaliana, na kitabu bado hakijatoka.